Nakala Safi za Ijumaa

Bi Rula alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona, hapana. Uchovu wake ulishahamia mwilini, ukapanga chumba, na sasa ulikuwa unaleta vyombo. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili akishika ukuta, akafungua Ofisi ya Uadilifu, akawasha kompyuta, na kabla hajavuta kiti akaona faili kumi na nne zinamsubiri.

Zamani faili kumi na nne zilikuwa kazi ya mwaka mzima. Mtu alikuja mwenyewe kulalamika, analia, unampa maji, unaandika, unakwenda kuuliza huku na kule, unarudi. Unajua nani kamkosea nani na kwa nini. Sasa kulikuwa na Mama Mkwe.

Mama Mkwe ni jina walilolitoa wafanyakazi. Jina lenyewe rasmi lilikuwa refu, la herufi kubwa tupu, na hakuna aliyelishika. Ilikuwa akili bandia ya uchunguzi, ghala la dawa liliinunua mwaka uliopita ili isome kila kitu: barua pepe, saa za kuingia getini, fomu, ripoti za ajali, mpaka maombi ya likizo. Dereva mmoja wa ghala ndiye aliyeibatiza. Alisema, "Huyu anaingia bila hodi, anafunua kila sufuria, na hamjawahi kumsikia anasifia." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda. Hata meneja, akijisahau, alikuwa anasema Mama Mkwe.

Basi kazi ya Bi Rula ikawa hivi: Mama Mkwe anatafuta kosa, Mama Mkwe anaandika maswali, Bi Rula anamwita mtu na kumsomea maswali, Mama Mkwe anasikiliza na kuandika ripoti, Bi Rula anasaini. Miaka ishirini na tisa ya kazi, na mwisho wake umekuwa msomaji wa maswali ya mwenzio! Lakini angefanyaje? Alibakiza miaka miwili astaafu, na binti yake alibakiza mwaka mmoja amalize chuo cha uuguzi. Alisaini.

Akaanza kuzipitia faili. Mmoja kachelewa mara tisa. Mwingine kamtukana msimamizi kwenye kundi la simu. Alipofungua faili ya sita akasogeza uso karibu na kioo, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Jina lilikuwa lile lile. Mzee Koti.

Mzee Koti alikuwa mtunza chumba cha baridi, kule chini zinakokaa chanjo na dawa zisizotaka joto. Aliitwa hivyo kwa sababu ya koti lake zito la kazi, ambalo hata akitoka nje juani alisahau kulivua. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha wa taratibu, na katika miaka yake yote haikuwahi kuharibika hata chupa moja ya chanjo mikononi mwake. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

Tuhuma ilikuwa kughushi kumbukumbu. Mama Mkwe alipewa picha za fomu za joto za chumba cha baridi za miaka minne, kwa sababu wakaguzi wa nje walikuwa wameomba hicho chumba kianze. Kila siku mtunzaji anapaswa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika papo hapo. Mama Mkwe akaona kwamba kila ukurasa wa wiki ulikuwa na wino mmoja, mkono mmoja, mkao mmoja, bila kosa lililokatwa wala tone la maji. Akahitimisha: kila wiki iliandikwa kwa mkupuo. Uwezekano wa kughushi, asilimia tisini na saba. Adhabu ya kughushi kila mtu aliijua. Unafukuzwa, mafao hupati, na jina lako linapelekwa kwenye orodha ambayo ukiingia humo hata kufagia ghala la mtu mwingine huruhusiwi.

Bi Rula aliisoma mara mbili. Hakuhitaji kuuliza yale maandishi safi yalitoka wapi.

Walikutana saa tano kwenye chumba cha mahojiano, meza moja, viti viwili, kinasa sauti katikati, na skrini upande wa Bi Rula peke yake. Mzee Koti aliingia na koti lake, akakaa, akaweka mikono juu ya meza.

"Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri, kaka. Habari za nyumbani?"

"Wazima. Mjukuu anatambaa sasa, hakuna kitu cha kuweka chini."

Skrini ikaandika: *Tafadhali anza na swali la kwanza.* Bi Rula akalisoma.

"Maandishi kwenye fomu hizi ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliyaandika lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Ijumaa zote," alisema Mzee Koti, na akatabasamu kidogo kwa sababu ya namna lilivyosikika. "Kule ndani kalamu ya wino inagoma, dada, si unajua. Inakwaruza tu. Karatasi nayo inalowa. Kwa hiyo nachana kipande cha katoni, naandika kwa penseli, asubuhi na jioni. Ikifika Ijumaa mchana nanawa mikono, nakaa, nakopi kwenye fomu. Safi, haina doa."

"Hizo katoni ziko wapi?"

"Zinakwenda na taka."

Skrini ikaandika: *Mhojiwa amekiri kuharibu kumbukumbu za awali.* Bi Rula akatamani kuifunika kwa kiganja. Jamani, mtu katupa katoni! Lakini kwa kitabu cha taratibu Mama Mkwe alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomchosha kuliko yote. Ile karatasi chafu ya penseli ndiyo kumbukumbu. Ile safi ni hadithi tu.

Swali lililofuata alilisoma polepole. "Nani alikuelekeza kufanya hivyo?"

Mzee Koti akamtazama. Akakitazama kinasa sauti, kile kitaa chake chekundu. Akamtazama tena.

"Hakuna," alisema. "Nimezoea tu."

Uongo mtupu. Miaka ishirini na mbili nyuma, Bi Rula alikuwa msimamizi wa vyumba vyote vya ghala, kijana, mkali, ana rula mfukoni ya kuchorea fomu. Ndipo alipopata lile jina. Mwaka ule mkaguzi alikuja, akaona fomu moja ina doa la maji lililofuta tarakimu mbili, akaikataa, na mzigo mzima wa chanjo ukazuiwa wiki tatu huku zahanati zikipiga simu kulia. Bi Rula akawakusanya watu wake kwenye veranda ya kupakulia mizigo akawaambia: "Kuanzia leo, piga ua, karatasi chafu haitoki hapa. Andikeni pembeni, Ijumaa mnakopi safi, mimi nakagua." Mkaguzi alipokuja tena akasema hajawahi kuona ghala lenye fomu nzuri kama zile. Bi Rula akapandishwa cheo. Aliendelea kuwafundisha watu vivyo hivyo mpaka alipohamishiwa ghorofa ya pili, na waliofundishwa wakawafundisha wengine.

Mahojiano yalipoisha alimkuta Mzee Koti kwenye korido, anakunywa maji.

"Kaka, kwa nini hukusema ni mimi?"

"Niseme ili iweje?"

"Ukisema uliagizwa na mkubwa wako, si kughushi tena. Inakuwa kufuata maelekezo yasiyo sahihi. Unapata onyo, basi. Unastaafu na haki zako."

"Najua," alisema Mzee Koti. Akafuta mdomo kwa mkono wa koti. "Wacha tu, dada. Iishie kwangu."

Akaondoka kuelekea chini. Bi Rula akabaki ameshika mlango, machozi yanamlenga, kwa sababu alidhani ameelewa. Mtu anakubali kumwaga unga wake, akiwa amebakiza miezi minne, ili yeye mwenye mtoto chuoni asiguswe. Hata ndugu wa tumbo moja ni wachache wangefanya hivyo.

Jioni ile alimsimulia mume wake, dereva mstaafu, ambaye alikuwa ameinama chini ya sinki anafunga bomba lililokuwa linavuja tangu wiki iliyopita.

"Umebakiza miaka miwili," alisema mume, sauti inatoka chini ya sinki. "Utajitia kitanzi kwa sababu ya katoni?"

"Yeye amebakiza miezi minne. Na kosa ni langu."

"Kosa la mwaka gani huo? Hata chuma kinaota kutu, sembuse kosa."

"Mama Mkwe hana kutu."

Mume akatoka chini ya sinki, magoti yanalia, akamtazama mke wake usoni. "Haya. Wewe ndiye unayejua. Mimi sisemi kitu." Na akasema kwa saa nzima. Lakini mwishoni akamwekea chai, akakaa kando yake, na wote wawili wakajua Bi Rula ameshaamua.

Kesho yake alijaribu kwanza njia ya mkato. Miezi kumi nyuma chumba cha baridi kilikuwa kimefungiwa kipimajoto kipya chenye kumbukumbu yake chenyewe. Akamwagiza Mama Mkwe alinganishe tarakimu za Mzee Koti na za kile kipimajoto. Jibu likaja kabla hajaegemea kiti. Zilikuwa sawa zote, isipokuwa mbili zilizotofautiana kwa nusu nyuzi.

*Asante. Ulinganifu umebainika,* iliandika skrini. *Usahihi wa tarakimu haubadilishi aina ya kosa. Kumbukumbu iliyoandikwa baada ya muda wake si kumbukumbu.*

"Lo!" alisema Bi Rula peke yake ofisini. "Yaani mtu kasema kweli mara mia sita na bado ni mwongo?"

Mama Mkwe hakuwa mbishi, tatizo lake lilikuwa hilo. Ukibishana na mtu, anachoka.

Kwa hiyo akaandika maelezo yake mwenyewe. Aliyaandika kwa nguvu zote alizobaki nazo, kurasa mbili, na alikuwa mwandishi mzuri wa ripoti. Alieleza doa la maji, mkaguzi, veranda, maagizo yake. Ili kusiwe na shaka hata chembe kwamba Mzee Koti hakujitungia, akaandika: *Niliwafundisha hivyo watumishi wote wa vyumba vyote kwa miaka kumi na sita, bila kumbagua hata mmoja.* Akalisoma mara mbili, akaliona limekaa vizuri. Akampelekea meneja kwanza, kwa heshima.

Meneja alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, umri wa kuweza kuwa mwanawe. Alisoma amesimama.

"Mama, una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Nikiipeleka kwenye mfumo siwezi kuitoa."

"Ipeleke, mwanangu. Nimechoka kuibeba."

Meneja akabonyeza. Bi Rula akarudi nyumbani mwepesi, na njiani alijikuta anamnunulia mume wake wembe na sabuni bila sababu yoyote. Kwa mara ya kwanza tangu Mama Mkwe aje, alihisi amefanya uchunguzi, ule wa zamani, wa kumtafuta mwenye kosa na kumpata.

Siku mbili baadaye jibu lilikuwa juu kabisa ya orodha yake. Shauri la mtunza chumba cha baridi: aina ya kosa imebadilishwa. Si kughushi. Kufuata maelekezo yasiyo sahihi. Onyo la maandishi, limefungwa. Bi Rula akapiga kofi mezani, akacheka kwa sauti, mpaka mhudumu wa usafi akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna habari njema. Akamwambia ipo.

Kisha akateremsha ukurasa.

*Tunashukuru kwa ushirikiano wako,* iliandika skrini. *Kutokana na maelezo yako, mfumo umeomba na kupokea fomu za vyumba vingine vyote pamoja na rejista ya mafunzo. Watumishi waliopo kazini waliofundishwa utaratibu huu na wewe au na uliowafundisha: thelathini na mmoja. Mashauri yamefunguliwa. Adhabu inayopendekezwa: onyo la maandishi kwa kila mmoja.*

Alianza kwa kufikiri kwamba onyo si kitu. Onyo ni karatasi. Ndipo akakumbuka. Onyo si kitu kwa Mzee Koti, mwajiriwa wa kudumu. Onyo si kitu kwake yeye. Lakini wale wa chini hawakuwa na ajira ya kudumu, hakuna aliyepewa tangu miaka minane nyuma. Walikuwa watu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kwenye mkataba huo kulikuwa na kifungu kinachosema mwenye onyo lolote la kumbukumbu haongezewi. Mikataba ilikuwa inaisha mwezi ujao. Kifungu hicho alikijua. Alishawahi kukisoma kwa sauti mbele ya watu. Ila alikuwa amekaa ghorofa ya pili muda mrefu mno, akasahau kwamba kuna watu ambao karatasi moja inatosha kuwamaliza.

Alishuka ngazi bila kushika ukuta. Mzee Koti alikuwa mlangoni mwa chumba cha baridi, amebeba boksi, na alipomwona hakuliweka chini.

"Nimepata barua yangu," alisema.

"Kaka, mimi sikujua kwamba..."

"Thelathini na mmoja, dada. Na mkaza mwanangu yumo. Nimemwombea kazi hii mwenyewe, nikamfundisha mwenyewe. Ana mtoto wa miezi saba, yule anayetambaa." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na Bi Rula angefurahi kama ingepanda. "Mama Mkwe alikuwa na chumba kimoja tu. Changu. Ningekwenda mimi, wakafurahi wamepata mtu, wakafunga. Wale watoto ningewaambia kimya kimya waache kukopi, na leo hii wangekuwa kazini wametulia."

"Nilidhani unanificha mimi."

"Wewe?" Mzee Koti akamtazama kwa mshangao wa kweli, na huo ndio uliomchoma. "Wewe ungepata onyo tu, dada. Nikufiche na onyo?"

Akapita na boksi lake, akaingia ndani, mlango mzito ukajifunga.

Bi Rula alipanda kwa meneja. Alisema atafuta maelezo yake, meneja akasema hayafutiki. Akasema basi wamfukuze yeye, wawaache wale. Meneja akaandika ombi hilo kwenye mfumo mbele yake, tena kwa nia njema kabisa, na jibu likaja kwamba adhabu ya mtu mmoja haihamishiki kwa mwingine. "Mama, mimi ningekuwa na uwezo..." alisema meneja, na Bi Rula akamhurumia naye pia, kwa sababu alishawahi kuwa na uwezo na aliutumia kuchora mistari.

Mahojiano yalianza wiki iliyofuata. Kwa kuwa sasa naye alikuwa mtuhumiwa, walileta msomaji wa maswali kutoka ofisi nyingine, na Bi Rula akapewa barua ya kuripoti saa tatu kama wengine. Alifika mapema. Korido ilikuwa imejaa. Walikuwa wamekaa kwenye benchi refu na wengine chini, wanawake na wanaume wenye sare za ghala, wengi hawajafika miaka thelathini, kila mmoja na barua yake imekunjwa mkononi. Alimtambua mkaza mwana wa Mzee Koti kwa khanga ya kubebea mtoto iliyokuwa mabegani, ingawa mtoto hakuwepo.

Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alijiandaa kwa matusi, hata kwa mtu kutema mate. Alisimama mwanzo wa korido, mkoba mkononi, anatafuta neno la kuanzia.

Wakamwona. Kisha, mmoja akaanza, na wengine wakafuata, kama walivyomsalimia miaka yote:

"Shikamoo, mwalimu."

Wakasogea kwenye benchi, wakabanana, wakampa nafasi akae.